Namba Husomwa Kutoka Mwisho

Wiki iliyopita mliniacha chini ya meza ofisini, nikitafuta hereni ambayo haikuwa imedondoka.

Nilikuwa najificha. Sioni haya kusema hivyo, maana haya zangu zote nilizimaliza Jumatatu ile.

Kwa anayekutana nami leo, mambo ni haya. Nilifukuzwa duka la miwani kwa kuwabadilishia wateja wawili miwani yao, na kilichowaudhi zaidi wenye duka ni kwamba wateja wote wawili walisema sasa wanaona vizuri. Nikapata kazi kwenye ofisi ya namba za simu. Kazi ya majaribio, miezi mitatu, mwisho Ijumaa. Nikipita, napewa barua ya ajira ya kudumu. Nisipopita, narudi kushona mapazia na shangazi yangu aliyenilea, ambaye nampenda sana nikiwa mbali na cherehani yake.

Kazi yenyewe si ngumu. Mtu ana namba ya simu. Mtu huyohuyo ana anwani zake za mtandaoni: ya kupigiwa kwa intaneti, ya barua pepe, pengine na tovuti. Sisi tunavifunga pamoja, ili anayejua namba yake tu aweze kumfikia popote. Wenzangu husema sisi ni wafungisha ndoa.

Masharti ni mawili. La kwanza, namba inaandikwa kinyumenyume, kuanzia tarakimu ya mwisho, na nukta kati ya kila tarakimu. Ndiyo maana ofisini naitwa Nukta. Msimamizi wetu, Mama Kanuni, alitueleza siku ya kwanza: "Namba ya simu huanza na nchi, ikaishia mlangoni kwa mtu. Anwani ya mtandao huanza mlangoni, ikaishia na nchi. Ukitaka hivi viwili vikutane, kimoja lazima kigeuke."

La pili, kabla ya kufunga, unapiga simu ya uthibitisho kwenye namba yenyewe. Mashine inamtajia aliyepokea tarakimu nne, naye anakutajia wewe. Asipozitaja, hakuna ndoa.

Wiki yangu ya kumi nilimfungia shangazi namba yake, iwe zawadi. Nikamnunulia na kisimu cha mezani cha kupokelea simu za intaneti. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nikaiandika namba kuanzia mwanzo, kama tunavyoiandika watu wote. Mashine ikauliza: namba hii ina anwani tayari, ibadilishwe? Nikabonyeza ndiyo. Ikasema piga simu ya uthibitisho. Nimpigie nani, mtu niliyekunywa naye chai asubuhi? Zile tarakimu nne zilikuwa zinaonekana kwenye kioo cha mashine yangu, nikajijazia mwenyewe.

Jumatatu ile sasa, akaja mzee mmoja mwenye koti la kijivu na kalamu tatu mfukoni. Mpima ardhi mstaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Simu yangu imekufa upande mmoja."

"Upande gani, mzee?"

"Watu wa hapa mjini wananipata. Lakini nina binti yangu, anafanya kazi ng'ambo. Miaka miwili hii ananipigia kila Jumapili saa nne asubuhi, kwa intaneti, kwenye namba yangu hiihii. Jumapili tatu sasa, kimya."

"Umejaribu kumpigia wewe?"

"Nimempigia. Alipokea mara moja tu. Akasema, 'Baba, mpaka wewe mwenyewe uanze kunieleza.' Akakata."

"Umweleze nini?"

Mzee akafungua daftari. Alikuwa ameorodhesha kwa mwandiko safi mambo tisa ambayo labda yalimuudhi mwanawe. La kwanza lilikuwa kuuza baiskeli yake ya utotoni bila kumuuliza.

"Kila Jumapili navaa koti hili, nakaa karibu na simu tangu saa tatu," alisema. "Jumapili tatu nimevaa koti bure."

Nikamwomba namba. "Tatu, saba, sita, nne, sifuri, moja, mbili."

Nikaiandika kinyumenyume, safari hii kwa uangalifu wote duniani. Mbili, nukta. Moja, nukta. Sifuri, nukta. Nne, sita, saba, tatu.

Namba ile naijua tangu nikiwa darasa la kwanza. Ni namba ya shangazi.

Hapo ndipo nilipojifanya hereni imedondoka, nikaingia chini ya meza. Nilikuwa nimetwaa simu za mzee wa watu na kuzipeleka kwenye chumba cha mapazia, na kwa wiki tatu nzima sikujua.

"Rudi Ijumaa, mzee," nilisema kutoka chini ya meza. "Tatizo lako litakuwa limepatikana."

Ilipofika saa ya chakula sikula. Nilikwenda nyumbani mbiombio. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni, amezungukwa na kitambaa cha kijani, pini tano mdomoni. Huwa anaweza kuongea na pini tano mdomoni bila shida yoyote.

"Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Bado. Shangazi, kile kisimu nilichokuletea, nani huwa anakipiga?"

"Mwanangu."

"Mwanao yupi? Mwanao si mimi?"

"Yule wa Jumapili. Mtoto ana adabu yule! Hamkatizi mtu maneno. Humu ndani kuna wa kujifunza kwake."

Nikakaa juu ya marobota ya vitambaa. "Hebu niambie tangu mwanzo."

"Mara ya kwanza alimuulizia baba yake. Nikamwambia umekosea namba. Akaomba radhi, akapiga tena, nikapokea mimi tena, tukacheka. Jumapili ya pili akapiga, nikapokea. Halafu akasema, 'Samahani, wewe ni nani kwa baba?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mwanangu, mtu mzima haulizwi hivyo kwenye simu."

"Shangazi! Hilo ni jibu la mke!"

"Ni jibu la mtu mzima. Kama yeye kalisikia kama la mke, masikio ni yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia! Jumapili ileile, unapiga pasi. Nikasema kuna mtoto anapiga hapa anamtafuta baba yake. Ukasema, 'Shangazi, mtandaoni wapotevu ni wengi, wewe msalimie tu.' Basi nimemsalimia."

Ni kweli nilisema hivyo. Nilikuwa nimeunguza kola na sikuwa na muda wa wapotevu wa watu.

"Na jana?"

"Jana kasema hana ugomvi na mimi. Ugomvi wake ni na baba yake, kwa kuoa kimyakimya kama mwizi. Anakuja likizo. Ijumaa saa sita mchana atakuwa hapa, anataka aanze kuniona mimi." Akachomoa pini moja mdomoni. "Nimeshamwelekeza nyumba."

"Umemwelekeza HAPA?"

"Ulitaka nimwelekeze wapi? Kwa baba yake napajua?"

Ikabidi nimwage yote. Namba niliyoiandika bila kuigeuza, ndiyo niliyoibonyeza bila kusoma, simu ya uthibitisho niliyojipigia kichwani. Nikamwambia kwamba Mama Kanuni akijua, barua ya Ijumaa sitaiona. Nilikuwa karibu kulia. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi.

"Ngoja," alisema. "Kwa hiyo namba ya huyo baba ni yangu mimi, ikisomwa kutoka mwisho?"

"Ndiyo, lakini shangazi, usije ukathubutu..."

Alikuwa ameshavuta simu yake ya kawaida. "Tatu. Saba. Sita."

"Kazi yangu, shangazi!"

"Nne. Sifuri. Kazi yako naijua. Moja. Na huyo baba naye anajua kosa lake ni lipi? Mbili."

Simu ikapokewa. Shangazi akatema pini zote mkononi. Nilijua basi ni mazungumzo mazito.

"Haloo? Habari za mchana. Wewe hunijui, mimi ndiye mke wako. Usikate! Nisikilize. Mwanao mzima, anakula vizuri, kila Jumapili tunasalimiana. Hujamkosea kitu. Kosa ni la namba, zimepishana." Akasikiliza, akakunja uso. "Baiskeli gani? Hapana, baba, hakuna aliyetaja baiskeli."

Nilisikia kutoka upande wa pili wa simu sauti ya mzee akicheka, kisha akipenga kamasi, kisha akicheka tena. Nami nikajikuta nalia kweli, kwa ajili ya mtu niliyemwona mara moja tu nikiwa chini ya meza.

Jina langu shangazi hakulitaja. Kosa alilitwika namba, na namba hazina mdomo wa kujitetea.

Walipatana hivi. Mtoto aelekezwe upya, aende kwa baba yake. Mengine aelezwe ana kwa ana, kwa sababu simu, alisema mzee, ndiyo iliyotufikisha hapa.

"Na nimemuuliza madirisha yake yana mapazia gani," shangazi aliniambia alipokata. "Kasema ametundika shuka! Mtoto atoke ng'ambo akute shuka dirishani? Jumatano naenda kupima."

Jumatano akaenda. Alirudi jioni, analalamika.

"Mtu anapima dirisha mara tatu! Nikamwambia dirisha halihami. Akasema ardhi nayo watu walidhani haihami. Nimepima mimi, kapima yeye, tumetofautiana nusu sentimita. Tumebishana mpaka chai ikapoa."

"Nani alikuwa sahihi?"

"Yeye," alisema, na akaanza kukata kitambaa huku akiimba. Shangazi hukubali kosa mara chache kama kupatwa kwa jua, lakini mimi nilikuwa nawaza barua yangu na sikutilia maanani.

Alhamisi ndipo mambo yaligeuka, na yaligeukia uzuri, jambo ambalo kwangu mimi daima ni dalili mbaya.

Saa tatu asubuhi Mama Kanuni alitukusanya wote katikati ya ofisi. Mkononi alikuwa na barua. Mwandiko niliutambua.

"Nimepokea barua ya mteja," alisema. "Kwa miaka kumi na minne nimepokea barua za kulalamika. Hii ni ya kwanza ya shukrani. Naisoma." Akaweka sawa miwani. "'Napenda kumshukuru binti wa meza ya tatu. Alinisikiliza kwa moyo, na hata alipokuwa chini ya meza aliendelea kunihudumia. Kwa jitihada zake nimepata habari za mwanangu. Wafanyakazi wa namna hii ni wachache.'"

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilitamani kurudi chini ya meza.

"Nukta," Mama Kanuni alisema, "kesho saa nne njoo ofisini kwangu. Nilikuwa na mashaka na wewe. Leo sina."

Alipoondoka, kaka wa meza ya pili, ambaye sote tunamwita Jirani, akanisogelea. Jirani anajua kila kitu kinachoingia kwenye mashine na kila kitu kinachotoka.

"Nimeliona lile fundo lako," alinong'ona. "Namba ya mzee imefungwa kwa shangazi yako. Tarehe, saa, jina lako."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Mimi ni jirani yako. Nipe dakika tano, naigeuza, nafuta alama. Mzee anapata simu zake, wewe unapata barua yako. Nani ataumia?"

Nikajaribu kumpata atakayeumia. Nikakosa. Mzee ameshacheka. Mtoto anakuja. Shangazi anaimba. Kilichobaki ni mimi kufunga mdomo kuanzia Alhamisi saa tatu hadi Ijumaa saa nne, saa ishirini na tano tu, na sehemu yake ningelala.

"Basi fanya," nilisema.

Jirani akarudi kwenye meza yake, akaanza kubonyeza. Barua ya mzee ilikuwa imebandikwa ukutani tayari, mbele ya macho yangu. Alinisikiliza kwa moyo. Yule mzee alikuwa amepima maneno yake kama anavyopima dirisha, mara tatu, na kila neno lilikuwa uongo bila yeye kujua. Nilikuwa nimemnyang'anya mwanawe Jumapili tatu, naye kanipa shukrani kwa maandishi.

"Jirani."

"Bado dakika mbili."

"Acha. Usiguse."

"Umerukwa na akili?"

"Pengine. Acha hivyohivyo."

Ijumaa saa nne kamili nilibisha mlango wa Mama Kanuni. Barua yangu ya ajira ilikuwa mezani, imeshasainiwa, muhuri umekauka. Kabla hajanikaribisha kiti, nikasema yote kwa pumzi moja, nikiogopa kwamba nikivuta ya pili nitabadili nia.

Mama Kanuni hakupandisha sauti. Aliweka kiganja juu ya barua yangu, taratibu, kama mtu anayezuia karatasi isipeperushwe.

"Ulijijazia uthibitisho mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Unajua kwa nini ile simu inapigwa? Ungepiga, angepokea huyo mzee. Ungejua palepale kwamba hukuigeuza. Dakika moja, badala ya wiki tatu."

"Ndiyo, mama."

Akavuta kitabu cha kanuni, ingawa anakijua kichwani. "Kosa la kufunga namba hurekebishwa na aliyelifanya, kwa simu ya uthibitisho, mbele ya msimamizi. Apokee mwenye namba au mtu wa nyumba yake. Akipokea mgeni, marekebisho yanakataliwa." Akafunga kitabu. "Na mimi naongeza langu. Namba hiyo ikipokewa na mgeni mara ya pili mikononi mwako, hufai kukaa na namba za watu. Barua nachana. Ikipokewa na mwenyewe, umekuja kusema kabla hujaulizwa, nami nitalikumbuka hilo. Haya, piga. Tusikie sote."

Nikaiandika namba. Kinyumenyume, nukta kati ya kila tarakimu. Nikaikagua mara tatu, kwa heshima ya mzee. Mashine ikaigeuza, ikapiga. Mama Kanuni akafungua sauti.

Simu ikaita mara mbili. Nilijua mzee yuko nyumbani. Saa sita mwanawe anafika, aende wapi?

Ikapokewa.

"Haloo! Nani tena asubuhi hii, watu tuko juu ya ngazi?"

Alikuwa shangazi.

Mapazia. Alikuwa amekwenda kutundika mapazia, na shangazi hajawahi katika maisha yake kuiacha simu ya mtu ikaita.

Mashine ilikuwa imeshamtajia tarakimu. "Inasema nane, nane, tano, moja," shangazi alisema. "Nifanye nini nazo?"

Mama Kanuni akanitazama. Alikuwa amemsikia shangazi mara ngapi akinipigia kazini kuniuliza kama nimekula?

"Huyo si shangazi yako?"

"Ndiye, mama."

"Uliigeuza namba?"

"Niliigeuza! Tazama mwenyewe. Ni kwa mzee hapo, ni nyumbani kwake kabisa!"

Akatazama kioo. Akahesabu tarakimu moja moja kwa kalamu. Namba ilikuwa sahihi. Kalamu ikabaki hewani.

"Tarakimu zimetajwa sawa," alisema. "Namba ni sawa. Linabaki swali moja, na liko kwenye fomu. Muulize."

"Nimuulize nini?"

"Aliyepokea ni nani kwa mwenye namba. Akiwa mgeni, kanuni unaijua."

"Shangazi," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba, "niko mbele ya msimamizi. Jibu lako linaandikwa. Wewe ni nani kwa mzee?"

Safari hii hakusema mtu mzima haulizwi hivyo kwenye simu. Miaka ishirini na sita namjua shangazi, na nilikuwa sijawahi kumsikia akikosa neno. Nilisikia ngazi ikilia, akishuka kidaraja kimoja, kisha kingine.

Na mimi mjinga, mwenye kazi ya kufungisha ndoa za watu, ndipo nikakumbuka chai iliyopoa, nusu sentimita na ule wimbo.

"Lazima nijibu leo?" shangazi aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Mama Kanuni akainama kwenye kipaza sauti. "Lazima, mama. Bila jibu sifungi."

"Basi subirini," alisema shangazi. "Yuko chumbani anafunga tai. Nikamuulize mwenyewe."

Simu ikawekwa mezani. Tukasikia kandambili zikienda, mlango ukigongwa, na mzee akikohoa.

Nikanyoosha mkono kukata, kwa aibu. Kiganja cha Mama Kanuni kikatoka juu ya barua yangu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kikanishika mkono.

"Usikate," alisema, na akasogeza kiti karibu.